Ubao Niliotundika Mlangoni kwa Jorunn

Mpaka walipoamua kwamba nimezeeka, kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji katika bonde letu. Ni kazi ya heshima kuliko inavyosikika, ila ina ubaya mmoja: theluji unayoiondoa barabarani lazima uimwage mahali, na mahali penyewe ni mbele ya lango la mtu. Kila mwenye lango bondeni amewahi kunitukana. Mimi nilikuwa nawapungia mkono na kuendelea, maana ndani ya gari lile husikii kitu.

Lango moja tu ndilo nililokuwa nalinyanyulia beleshi la mbele. Lilikuwa la Jorunn, mjane mwenye mbuzi, anayepika ile jibini ya kahawia ambayo watu wa mjini huja kuifuata kwa magari yao safi. Nikifika kwake nilinyanyua beleshi, nikavuka na mzigo wangu, nikaumwaga ng'ambo ya barabara kwa Bi Åshild, ambaye hajanisamehe mpaka leo. Kwa akili yangu, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi. Niliamini mwanamke yeyote mwenye macho ataona kwamba bonde zima linachimba theluji na lango lake liko wazi, kisha atajumlisha mwenyewe. Nilimngoja ajumlishe kwa karibu miaka ishirini.

Kuzungumza tulizungumza, msije mkadhani mimi ni bubu. Tukikutana dukani alisema, "Habari za leo, Tallak," nami nikasema, "Kuna baridi." Kama hakukuwa na baridi, nilisema itakuja. Baada ya hapo nilikuwa natazama mikate kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuinunua yote, mpaka aondoke.

Basi nikastaafu, nikarudi kukaa nyumbani. Sijawahi kuoa, nilikuwa bado nafikiria. Baada ya miezi michache nilikuwa nimeshazijua sauti zote za friji yangu, nikaanza kuijibu. Hapo ndipo nilipojiandikisha kozi ya watu wazima katika chuo cha wananchi kilicho juu ya kilima, kozi ya kuchonga mbao, majira yote ya baridi. Nilichagua chuo kile kwa sababu hakina mtihani wala cheti, na mtu ambaye hajawahi kufaulu kitu anapenda mahali ambapo hakuna cha kufeli. Nilikusudia kutengeneza kigoda, nirudi nacho nyumbani, nikikalie karibu na friji.

Asubuhi chuoni tulianza kwa kuimba. Nilikuwa nafungua mdomo tu. Kisha tulikwenda karakana, na saa sita tulikula pamoja na kuosha vyombo kwa zamu, na aliyechonga vibaya siku hiyo ndiye aliyepewa masufuria. Masufuria ya chuo kile nayafahamu kwa majina.

Mwalimu wetu aliitwa Signe, binti wa miaka thelathini hivi mwenye mikono kama ya seremala wa meli na ulimi usio na haraka. Kwenye benchi la jirani yangu, kwa mapenzi ya Mungu, akaketi Bi Åshild mwenyewe, miaka sabini na kitu, amekuja kuchonga mabakuli.

"Ee, kumbe ni wewe," akasema siku ya kwanza. "Kaa mbali. Maranda yako usije ukayamwaga upande wangu."

Wiki ya pili Signe akatuonyesha ubao wa kale wa kunyooshea nguo. Bibi zetu walikuwa wanaviringisha shuka kwenye gogo la mviringo, kisha wanalisukuma na kulivuta kwa ubao huo mrefu mpaka shuka linyooke, kabla pasi haijafika huku. Ubao una mshikio juu yake, na mshikio huo huchongwa umbo la farasi. Lakini Signe hakutuonyesha kwa ajili ya shuka. Alituambia kwamba zamani kijana akimpenda msichana, alimchongea ubao kama ule na kuutundika mlangoni kwao bila kusema neno. Msichana akiuingiza ndani, amekubali. Akiuacha nje, amekataa, na kijana lazima aje mwenyewe mchana kweupe kuuondoa. Na ubao uliokataliwa hauchumbii tena. Akimtaka mwingine, achonge ubao mwingine.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeduwaa na patasi mkononi. Bila kusema neno! Aliyebuni mila ile alikuwa ananifahamu mimi binafsi, kabla sijazaliwa. Kigoda nikakitupilia mbali siku ileile.

Signe alinipa kipande cha mti wetu ule wa gome jeupe, mgumu, usio na fundo. Nikakichonga jinsi nilivyokuwa nasukuma theluji: kwa nguvu, kwa kwenda mbele, na bila kujali kilichoko njiani. Ubao ukapasuka katikati. Nikapewa masufuria. Nikapewa mti mwingine, nikaupasua nao.

"Mti una nyuzi zake," Signe akaniambia. "Zitazame zinaelekea wapi, uende nazo. Wewe unapigana na nani?"

Sikuwa napigana na mtu. Nilikuwa sijui tu kwamba inawezekana kuuliza mti kabla ya kuukata. Nikajifunza kuupapasa kwa kidole gumba kwanza. Nikajifunza kunoa kisu mpaka kinyoe nywele za mkononi, nikabaki na mkono mmoja mlaini kama wa mtoto mchanga. Na siku moja, sijui ilikuwaje, kisu kikapita na randa refu likajiviringa, likaanguka kimya, na chini yake mti ukabaki laini unang'aa. Niliutazama. Nikakata jingine, na jingine. Nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wameshakwenda kula.

Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo wazi kwa sababu kwetu hatusemi; kwetu mtu mwenye furaha sana husema "si vibaya." Miaka yote nilikuwa nimefanya kazi ambayo ikifika asubuhi ya kesho yake imefunikwa tena. Sasa nilikuwa nakata kitu kikabaki kimekatwa. Nilikuwa nakwenda karakana kabla ya kuimba na kubaki baada ya chai, mikono ikinuka mbao na mafuta ya kitani. Na kile kimya ambacho nyumbani kilikuwa kinanila, mle karakanani kilikuwa chetu sote, kila mtu na kisu chake, jioni tunakula mikate tuliyofunga nyumbani, hakuna anayeona haja ya kukijaza. Hata matusi ya Bi Åshild nilianza kuyangoja.

"Mbwa huyo anatoka vizuri," akaniambia siku nilipoanza mshikio.

"Ni farasi."

"Basi alilelewa na mbwa. Masikio yako wapi?"

"Yalivunjika."

"Yote mawili?"

"La kwanza lilivunjika. La pili nililivunja mimi, yalingane."

Alicheka mpaka akalazimika kuweka kisu chini. Kisha akainama karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwa Bi Åshild ni sauti ya kawaida ya mtu mwingine, "Ni wa nani, kijana?" Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. Nikamwambia ni wa kunyooshea nguo. Akasema, "Nimekuuliza mlango, sijakuuliza nguo."

Ubao ukakamilika kuelekea mwisho wa majira ya baridi. Nilikuwa nimechonga maua ya mviringo, na mwaka, na chini ya farasi nikaacha nafasi ya herufi za jina la mwanamke, kama ilivyo katika mbao zote za kale. Signe akaupitishia kiganja, akatikisa kichwa kwa namna ambayo kwake ni sifa kubwa.

"Na herufi zake?"

"Nitaziweka mwishoni, mwalimu."

"Huu ndio mwisho, Tallak."

"Mwisho zaidi ya huu."

Niwaeleze, ingawa najua mtanicheka. Mimi ni mtu wa tahadhari. Katika gari la theluji nilikuwa na betri ya akiba, mnyororo wa akiba na suruali ya akiba. Ubao ule ulinimalizia majira mazima. Nikajisemea, Jorunn akikataa, na jina lake likiwa limechongwa, ubao huu umekufa. Lakini usipokuwa na jina, nani atajua ulitundikwa wapi? Pale kituo cha mafuta kulikuwa na Gunnhild, mjane naye, ambaye kila akiniuzia soseji alikuwa ananiongezea vitunguu. Sikuona ubaya wowote wa kuwa na mwanamke wa akiba. Wala mila sikuona kwamba naivunja. Niliona naizunguka kidogo tu, kama mtu anayezunguka jiwe.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, theluji ikiwa imeoza na kuwa tope, nikaenda wakati Jorunn yuko bandani anakamua mbuzi. Nikatundika ubao kwenye msumari wa mlango wake. Nikarudi kwenye gari langu, nikateremka hadi kwenye kona, nikazima injini, nikamimina kahawa ya chupa na kujilaza kwenye kiti kama jasusi.

Akatoka bandani na ndoo mbili. Akauona. Akaweka ndoo chini polepole, akafuta mikono kwenye aproni, akautungua. Akampapasa yule farasi kichwani, pale masikio yalipotakiwa kuwa, na nikamwona anatabasamu. Kahawa ikanimwagikia mapajani na sikuhisi kitu. Kidole chake kikatembea juu ya maua, kikapita mwaka, kikafika pale patupu, kikasimama. Akaugeuza ubao akatazama nyuma. Akaugeuza tena. Halafu akainua macho, moja kwa moja mpaka kwenye kona, kwenye gari langu, ambalo nilikumbuka wakati huohuo kwamba ni jekundu na bondeni hakuna jingine.

Akautundika tena kwenye msumari, akachukua ndoo zake, akaingia ndani.

Mila inasema nilitakiwa kwenda kuuondoa. Sikwenda. Niliogopa. Ukabaki pale siku ile na iliyofuata na nyingine tena, na barabara ya kwa Jorunn ndiyo barabara ya kila mtu. Mleta barua aliupiga picha. Chuoni hakuna aliyetaja lolote, na kwetu hivyo ndivyo watu wanavyokwambia kwamba wanajua yote. Wakati wa chai walinipa andazi la ziada, na jibini juu yake, jibini ya Jorunn mwenyewe. Masufuria nayo sikupewa, ingawa nilistahili. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Bi Åshild peke yake ndiye aliyenitendea kama binadamu.

"Jana mvua ilinyesha," akasema. "Mbwa wako ameloa."

"Farasi."

"Kamwondoe, Tallak. Nikifungua pazia asubuhi namwona. Ananitazama."

Signe akaniletea mti mwingine kutoka stoo, mzuri kuliko wa kwanza, akauweka mbele yangu na kwenda zake. Nikaushika. Nikaupapasa kwa kidole gumba, nikazijua nyuzi zake. Nikajisemea, haya, sasa Gunnhild, na safari hii anza na jina, usirudie kosa. Nikachukua penseli. Nilipotazama nilichochora, ilikuwa J.

Nikaifuta, nikachora tena. Ikawa J tena, nzuri zaidi. Nikakaa pale nikiitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona jambo ambalo hata friji yangu ilikuwa imeshalijua: sikuwa na wa akiba. Sijawahi kuwa naye. Nilikuwa na Jorunn au sina mtu.

Nikachomeka kisu kiunoni nikaenda kwa Jorunn. Ilikuwa mchana kweupe, kama mila inavyotaka. Nilipokanyaga ngazi ya kwanza mlango ukafunguliwa, Jorunn akasimama kizingitini na mwiko wa kukorogea jibini mkononi.

"Umekuja kuuchukua."

"Ndiyo."

"Uchukue basi."

Nikautungua. Ulikuwa umevimba kidogo kwa unyevu. Nikasimama nao kifuani.

"Farasi nimempenda," akasema. "Hilo nilitaka ujue. Ila hapa," akapaonyesha kwa mwiko, "hapa palikuwa pa nini?"

"Pa jina."

"Jina la nani?"

Nikatazama kuku wake. Alikuwa na kuku wazuri.

"Tallak, nakuuliza wewe, siwaulizi kuku. La nani?"

"Lako."

"Na mbona silioni?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema muda ulikwisha, au kisu kilikuwa butu. Lakini mtu aliyezoea kusema "kuna baridi" hana akiba ya uongo ya kutosha. Nikasema, "Nilifikiri ukikataa..."

"Nikikataa, ungeupeleka kwa nani?"

"Gunnhild. Wa kituo cha mafuta."

Ng'ambo ya barabara nikasikia dirisha la Bi Åshild linafunguliwa.

"Gunnhild ana bwana mjini," Jorunn akasema. "Mwaka wa tatu huu. Bonde zima linajua."

"Mimi sikujua."

"Wewe unajua nini, Tallak?" Nikaona kwamba hatanii, ameumia. "Nilishajiandaa kumkubali mwoga. Mwoga nimemzoea, namwona dukani anatazama mikate. Lakini mwoga mwenye foleni ya wajane, hapana. Mimi si wa kujaribiwa kwanza, halafu ndiyo nichongwe."

Nikaketi kwenye ngazi yake, nikauweka ubao juu ya magoti, nikachomoa kisu.

"Sasa unafanya nini?"

"Nachonga."

"Ukichonga hapo hutaweza kumpelekea mwingine."

"Najua."

"Na sijasema nakubali."

"Hilo pia najua."

Herufi moja au mbili zingetosha, ndivyo wazee walivyofanya. Lakini herufi moja inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata bondeni kwetu kuna wengine wa J. Nikaamua kuandika jina zima. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, mti umelowa, na kwenye O tu kisu kikateleza kikanichana kidole gumba. Damu ikaingia kwenye herufi. Jorunn hakusogea. Hakuniletea kitambaa, wala hakuingia ndani.

"Nenda na nyuzi, wewe!" Bi Åshild akapiga kelele kutoka dirishani. "Usikate kinyume! Mwalimu amekufundisha nini?"

"Nakwenda nazo!"

"Huendi! Naona mpaka huku!"

Nikaenda na nyuzi. R ikatoka vizuri, U nayo. Nilipofika N ya kwanza nikagundua kwamba nafasi niliyoiacha ni ya herufi tano, si sita, na N ya mwisho ikabidi ipande juu, ikajibana kati ya miguu ya farasi. Ni herufi mbaya kuliko zote nilizowahi kuona zimechongwa. Nikapuliza vumbi nikampa ubao, mikono miwili, bila kusema chochote, maana hapo hata baridi sikuikumbuka.

Akausoma. Akaisoma ile N mara mbili. Kisha akageuka na ubao wake, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Nikabaki kwenye ngazi. Ubao umeingia, kwa hiyo nimekubaliwa. Mlango umefungwa usoni kwangu, kwa hiyo sijui.

"Ameuingiza!" Bi Åshild akanitangazia.

"Nimeona!"

"Sasa?"

"Sijui!"

Nikangoja. Nikaanza kufikiria kwenda nyumbani, nirudi kesho nikiwa na hakika zaidi. Hapo dirisha la jikoni likafunguliwa, Jorunn akatoa kichwa, na mvuke wa jibini ukamfuata.

"Unangoja nini hapo?"

"Umefunga mlango."

"Nimeurudisha tu, joto linatoka." Akanitazama, na hasira ilikuwa imemwisha, amebaki amechoka na ananicheka kidogo. "Mlango huu hauna ufunguo, Tallak. Haujawahi kuwa nao tangu nimehamia hapa. Siku yoyote ungebonyeza tu kitasa."

Nilisimama nikikitazama kile kitasa, cha shaba, kimechakaa kwa mikono ya watu wengine wote wa bonde. Niliona aibu na furaha kwa pamoja. Kisha nikavua buti zangu zenye tope, nikaziweka kando ya zake, nikakibonyeza.